Kumshauri Mkwe Bila Kumtazama

Mafunzo yale yalifanyika Makandana, kwenye chumba kimoja cha hospitali chenye madirisha yasiyofunga vizuri, kwa hiyo tulikaa na makoti yetu. Tulikuwa wahudumu wa afya wa jamii kutoka vijiji vya juu na vya chini, wengi wetu wanawake. Tulishazoea kufundishwa vyandarua, vyoo na kliniki ya watoto. Siku hiyo muuguzi aliyetusimamia, mama mfupi mwenye sauti ya kukemea hata anaposalimia, akatuambia somo ni pombe.

Chumba kizima kikacheka. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake kichwani.

"Msicheke," akasema. "Na msihubiri. Kuhubiri kuna wenyewe, wapo kanisani, na Jumapili wanatosha."

Somo lenyewe lilikuwa fupi mpaka nikashuku kwamba amesahau kurasa nyingine nyumbani. Unakaa na mnywaji mahali penye utulivu. Unamuuliza anakunywa nini, kiasi gani na siku zipi, bila kumkaripia. Unamwambia unachokiona. Kisha unamwachia yeye aseme anataka kubadilisha nini, na unamsaidia kupata njia ndogo ya kuanzia. Unarudi kumwona. Basi. Dawa hamna, mashine hamna, jengo jipya hamna.

"Mtaji wake ni kiti na masikio," akasema muuguzi. "Wengi hupunguza kwa maongezi tu, kama hawajazama sana. Ila sikilizeni hili. Mkimkuta mtu mikono inatetemeka asubuhi mpaka anywe ndipo itulie, huyo msimwambie aache ghafla. Anaweza kufa. Huyo mleteni hapa."

Tukaandika. Kisha akauliza kama kuna swali, nami nikanyoosha mkono.

"Na kama mnywaji ni baba mkwe?"

Safari hii hata muuguzi alicheka. Yeye pia ni mtu wa huku, hakuhitaji kuelezwa. Lakini anayesoma haya huenda ametoka mbali, kwa hiyo nieleze. Kwetu sisi Wanyakyusa, mkamwana humwogopa baba mkwe wake. Si uoga wa kumkimbia simba, ni uoga wa heshima. Humtazami usoni, humgusi, huongei naye, hulitaji jina lake. Akija njia hii, wewe unaingia migombani. Vijana wa mjini wameshaliacha jambo hili na wanakaa sebuleni na wakwe zao wakitazama mpira. Nyumbani kwetu Kisondela halijaachwa. Nimeolewa pale miaka mingi, nina watoto wakubwa, na ukiniuliza rangi ya macho ya baba mkwe wangu nitakubahatishia. Migongo ya viatu vyake naifahamu vizuri sana.

"Utajua mwenyewe," muuguzi akanijibu. "Nilisema kiti na masikio. Sikusema macho."

Baba mkwe alikuwa amestaafu kiwanda cha chai, alikofanya kazi ya kukausha majani kwa miaka mingi hata nguo zake za Jumapili zilinukia chai. Ni mtu mrefu, msafi, mwenye sauti nene iliyobeba upande wa besi wa kwaya peke yake. Kunywa alikuwa amekunywa maisha yake yote. Kila alasiri alienda kilabuni na mrija wake mfukoni, akakaa na wazee wenzake kuzunguka chungu cha kimpumu, ile pombe ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto na kunyonywa taratibu huku watu wakizungumza habari za ng'ombe waliokwisha kufa zamani. Hayo hayakumsumbua mtu. Tatizo lilianza parachichi zilipopata soko. Wazee wakawa na chochote mfukoni, na vichupa vya pombe kali vikapanda mlima kutoka mjini kwa bodaboda kuwafuata huko huko waliko. Kichupa kimoja kinaingia mkononi na kupotea humo. Baba mkwe akaanza kukosa mazoezi ya kwaya. Akaanza kurudi nyumbani njia za ajabu, kupitia mashamba ya watu. Mume wangu, anayefanya kazi gereji Tukuyu mjini, alijaribu kuongea naye mara moja. Akarudi akaniambia, "Nimeongea naye." Nikamuuliza alijibu nini. "Ameniuliza hali ya injini za siku hizi."

Wiki chache baada ya mafunzo, nilikuwa natoka kumwona mama mmoja aliyejifungua. Ilikuwa alasiri, mvua nyembamba, ile yetu isiyokuwa na haraka. Nimefika kwenye kona ya shamba la jirani, nikasikia mtu anakohoa chini ya ardhi. Nikachungulia. Kwenye mtaro wa barabara alikaa baba mkwe, miguu mbele kama mtu aliye kwenye kochi, maji yakimpita pande zote mbili. Kofia haikuwepo. Buti moja lilikuwa limebaki kwenye tope nyuma yake.

Niligeuka haraka sana, kanga kichwani, mgongo kwake. Hapo nikakwama. Kuondoka siwezi, mzee ataganda kwa baridi. Kumshika siwezi. Kumsemesha siwezi. Barabara nzima hakuna mtu. Mbele yangu, amefungwa kwenye mgomba, alikuwepo ng'ombe wa jirani, anatafuna, ananitazama kama anayesubiri nianze.

Nikaanza.

"We ng'ombe," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Umeumia?"

Ile sauti ya besi ikajibu kutoka mtaroni, ulimi mzito kidogo:

"Ng'ombe, mwambie huyo mama sijaumia. Nimepumzika."

"Ng'ombe, unapumzikaje kwenye maji?"

"Mwambie maji yamenikuta nimeshakaa."

Nilijifunika mdomo kwa kanga. Nikafungua mwavuli wangu, nikarudi kinyumenyume hatua kwa hatua mpaka nilipohisi ukingo wa mtaro kisiginoni, nikaushusha mwavuli nyuma yangu bila kugeuka. Nikasikia ukipokelewa. Nikarudi kwa ng'ombe.

Na kwa kuwa tulikuwa mahali penye utulivu, kama muuguzi alivyoagiza, nikaona nisipoteze nafasi.

"Ng'ombe, leo umekunywa nini?"

"Mwambie kimpumu. Kidogo."

Nikanyamaza. Muuguzi alitufundisha kunyamaza, alisema ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

"Na kichupa," mtaro ukasema.

Nikanyamaza tena. Ng'ombe akacheua.

"Viwili. Kimoja nilipewa."

"Na umekula, ng'ombe?"

"Mwambie nilikunywa chai asubuhi."

Hapo ikawa zamu yangu ya kusema ninachokiona. Nilimwambia yule ng'ombe kwamba mimi namwona mzee mmoja ambaye kwaya inamkosa na hakuna wa kushika sauti yake. Nikamwambia namwona bibi mmoja anayesimama uani kila jioni, anajifanya anatafuta kuku, kumbe anasikiliza kama mumewe anakuja. Nikamwambia naona mitaro yetu ni mirefu na mvua yetu ni nyingi. Sikupandisha sauti. Kusema kweli, nilikuwa sijawahi kumwambia mkwe wangu neno lolote katika maisha yangu, hata asante.

Niliposikia sauti yake tena ilikuwa imeshuka.

"Ng'ombe," akasema, "mwambie mama nimechoka kuanguka."

Nikamuuliza ng'ombe, kama angeweza kubadilisha jambo moja, lingekuwa lipi.

"Mwambie kimpumu siachi. Pale ndipo wenzangu walipo. Tumezeeka, tumebaki wachache, tusipokutana pale tutakutana wapi?" Akakohoa. "Lakini vichupa... Vichupa havina hata maongezi. Unakunywa unasimama peke yako kama unakunywa dawa."

Nilitaka kumkumbatia yule ng'ombe.

Jirani mmoja alitokea na bodaboda yake. Akasimama, akanitazama mimi niliyeupa mtaro mgongo nikiongea na mnyama, akatazama mwavuli ulioota mtaroni, akasema, "Shikamoo mama. Nirudi baadaye?" Nikamwambia ashuke amtoe mzee. Alimtoa, akampakia, na mwavuli wangu ukaenda nao. Nilifika nyumbani nimelowa mpaka mifupa, lakini nilikuwa na furaha kama mtu aliyefaulu mtihani.

Ng'ombe wa jirani nisingeweza kumtumia kila siku. Kwa hiyo nikahitaji mtu wa katikati, na nyumbani mtu huyo alikuwa mmoja tu: mama mkwe.

Mama mkwe wangu nampenda, na ninasema hivyo mapema kwa sababu ya yatakayofuata. Ni mwanamke mdogo wa umbo ambaye hajawahi kumaliza sentensi kwa nukta, huwa anatia koma na kuendelea. Kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa amempigia mumewe kelele za pombe kila jioni, na mumewe alikuwa amezizoea kama watu wa mjini walivyozoea magari. Nikamweleza mpango. Nikamwambia tusimkaripie, tumuulize tu. Akakubali kwa moyo wote.

"Mama, naomba umuulize baba, wiki hii angependa siku zipi apumzike kunywa."

Akaingia ndani. Nikasikia mvumo mrefu wa Kinyakyusa, kisha mlango ukabamizwa.

"Nimemuuliza," akasema akirudi.

"Umemuulizaje, mama?"

"Nimemwambia mkamwana wako anauliza, utakufa siku gani?"

Tukaanza upya. Ikawa kwamba mafunzo yale niliyoyapata Makandana nilimpa kwanza mama mkwe kabla ya mgonjwa mwenyewe. Tulikaa jikoni tukimenya ndizi, mimi nikijifanya baba mkwe, yeye akijifanya mimi. Mara za mwanzo alinitukana mpaka nikaomba msamaha kwa dhambi ambazo si zangu. Kumfundisha kuuliza hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kumfundisha kusubiri jibu. Nilimwambia akishauliza ajaze maji mdomoni. Akafanya hivyo kweli, na siku ya kwanza alipomuuliza mumewe swali kisha akanyamaza na mashavu yamevimba, mzee aliogopa akadhani mkewe amepata kiharusi. Akamkalisha, akamshika mkono, akamwita kwa jina lake la usichana. Mama mkwe akameza maji. Alinisimulia haya akitazama pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuendelea na maneno.

Baada ya hapo walianza kuongea. Mimi niliyasikia yote kupitia ukuta wa jiko, ambao mila haijaukataza.

Vichupa alianza kuviacha mwenyewe, si kwa siku moja, lakini vilipungua. Alimwambia mkewe kwamba akitoka nyumbani hana cha ziada mfukoni havimwiti, kwa hiyo pesa akawa anamwachia yeye, anatoka na ya kimpumu tu. Akakubali pia kula kabla ya kwenda kilabuni. Kimpumu chenyewe kikawa na ugumu wake. Maswali ya muuguzi yalitaka kujua ni vikombe vingapi, lakini kwenye chungu kimoja wananyonya watu wengi. Nani anajua kilichopita kwenye mrija wa nani? Nilituma swali hilo ndani kupitia kwa mama mkwe, na jibu lilichukua siku kadhaa. Kisha nikamwona, kwa mgongo bila shaka, amekaa kibarazani na kisu, anachonga mrija mpya. Aliuchagua mwembamba mno. Ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ulezi ukikwama kidogo lazima uanze kuzibua.

Huo ndio ulikuwa ubunifu wake. Hakuufundishwa na mtu. Alikaa kilabuni saa zile zile, na wazee wale wale, akavuta kwa bidii yote, na alichokipata kilikuwa nusu ya alichokipata zamani. Wenzake walimcheka sana. Walimwambia ananyonya kama mbu. Mmoja wao, rafiki yake wa tangu utoto, aliyechunga naye ng'ombe, alimwambia kwamba yeye akitaka kupunguza pombe atapunguza kama mwanamume, ataacha siku moja na hatageuka nyuma. Baba mkwe akamjibu kwamba mbu huishi na mirija yake bila kuanguka mitaroni. Kilabu ilicheka wiki nzima.

Nikapata moyo, na moyo ukanipeleka mbali zaidi. Nilikwenda kwa mama mwenye kilabu.

"Wewe mama wa afya," akanipokea akiwa amesimama mlangoni na mwiko, "umekuja kunifungia?"

"Nimekuja kukuomba upike."

Nikamweleza. Watu wanakuja kwake na njaa, pombe inawapanda haraka, wanagombana, wanavunja viti. Kama angekuwa na sufuria la ndizi na maharage pale pembeni, na ndoo ya maji ya kunywa yaliyochemshwa, wangekunywa polepole. Aliniangalia kama mtu anayetafuta mtego ulipo. Kisha akasema kupika atajaribu, lakini hilo la pili nililotaka kulisema, la kufungua alasiri badala ya asubuhi, nisilifungulie mdomo. Nilikuwa bado sijalisema. Sijui alilijuaje.

Sufuria lake lilimshangaza yeye mwenyewe. Liliisha kila siku. Aliniambia siku moja tulipokutana sokoni kwamba wakishiba hawapigani, na kwamba viti vyake havijaenda kwa fundi tangu aanze. Maji hayakuwa na mafanikio hayo. Ndoo ilikaa pale safi, imefunikwa vizuri, haiguswi, kama mgeni wa heshima. Lile la saa alilishughulikia mwenyekiti wa kijiji. Alisimama mkutanoni, akawakumbusha watu kwamba sheria ipo na kilabu hazifunguliwi asubuhi. Zikafuata wiki nzuri kabisa. Wanaume walionekana mashambani saa ambazo mashamba yalishasahau sura zao. Kisha kukawa na msiba kwa ndugu wa mwenyekiti, watu wengi, baridi kali, na mwenyekiti mwenyewe akaonekana kilabuni kabla umande haujakauka, akasema anakagua. Sheria ikalegea kidogo baada ya hapo. Haikufa, ilichechemea.

Na baba mkwe naye alichechemea. Wakati wa Pasaka watoto wake walirudi kutoka Mbeya na Dar es Salaam wamebeba zawadi, na mmoja wao, ambaye hakuambiwa chochote, alimletea baba yake chupa kubwa yenye picha ya dhahabu. Tuliimba Pasaka bila besi. Mama mkwe alikuja jikoni akakaa kwenye kigoda, akasema amechoka, kila kitu kimerudi kilipokuwa. Nilimwambia muuguzi alitueleza kwamba kurudi nyuma ni sehemu ya njia. Nilisema kwa ujasiri ambao sikuwa nao. Alifikiri, akainuka, akajaza kikombe maji. "Basi naenda kumuuliza tena," akasema, akapiga funda moja la mdomo kuvimba, akaingia ndani.

Mambo yalikuwa yametulia tena, na mrija mwembamba umerudi kazini, ilipofika ile asubuhi.

Nilikuwa jikoni napuliza moto. Nikasikia miguu inakimbia uani, miguu mizito ya mtu mzima asiyekimbia siku zote. Kivuli kikaziba mlango. Nilishika kanga nijifunike, nikageukia ukuta kama kawaida.

"Mama!" ile besi ikasema. "Mama, njoo! Acha ukuta! Njoo!"

Nikageuka. Nilimwona. Macho yake ni ya kahawia iliyofifia, na asubuhi ile yalikuwa yamejaa hofu.

Alinieleza tukiwa tunatembea haraka kushuka bondeni, yeye mbele, mimi nyuma. Rafiki yake, yule aliyejigamba, ameacha pombe kama alivyoahidi. Aliacha kabisa, kwa ghafla, baada ya kuchokozwa na mkewe kwamba rafiki yake amemshinda. Siku ya kwanza alitetemeka wakamcheka. Sasa haelewi yuko wapi. Anaona siafu ukutani ambao hawapo.

"Ni mimi," baba mkwe alisema bila kugeuka. "Ni huu mrija wangu. Nimemcheka na mrija."

"Si wewe, baba," nikamwambia. Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Hakuna aliyesimama.

Tulimkuta rafiki yake amekaa kitandani, shati limelowa jasho, mikono inacheza yenyewe, anajipangusa wadudu ambao mimi sikuwaona. Kwa miaka alikuwa anakunywa vichupa kuanzia alfajiri, mkewe akaniambia akilia, mikono haitulii mpaka anywe. Maneno ya muuguzi yakanirudia yote. Nikawaambia huyu si mtu wa maongezi, huyu ni wa hospitali, na ni sasa hivi. Mkewe akauliza kama tumpe kidogo tu atulie. Nikampigia simu muuguzi. Akasema tusijaribu tiba yetu, tumlete haraka, asiachwe peke yake njiani. Baba mkwe alikuwa ameshatoka nje kuita bodaboda. Waliketi watatu, dereva mbele, mgonjwa katikati, baba mkwe nyuma amemzungushia mikono yake mirefu na kumshikilia kwa nguvu, akimwambia kwa Kinyakyusa kwamba ng'ombe wote wamesharudi, hakuna aliyepotea, atulie. Mimi nilifuata kwa pikipiki nyingine. Barabara nzima mpaka Makandana nilimwona anaongea sikioni mwa rafiki yake.

Walimlaza. Walimpa dawa za kutuliza na maji ya mishipa na vitamini, wakamchunga. Muuguzi alisema tumefika wakati mzuri, akanitazama mimi, akamtazama baba mkwe aliyesimama pembeni yangu karibu tugusane mabega, akainua nyusi. Baba mkwe akaanza kutazama dari. Nami nikaona kwamba sakafu ya wodi ile imepigwa deki vizuri sana.

Nje, kwenye benchi la kusubiri, alikaa upande mmoja nikakaa mwingine. Katikati yetu alikaa mzee asiyetuhusu, anasubiri majibu yake ya malaria.

"Baba," mkwe wangu akamwambia yule mzee, "mwambie huyo mama ndaga fijo."

Yule mzee akanigeukia, amechanganyikiwa. "Anasema asante sana."

"Mwambie hamna shida," nikajibu.

Akamwambia. Aliendelea kutufanyia kazi hiyo mpaka walipomwita kwa jina, na alipoinuka nadhani alisikitika kidogo.

Rafiki wa baba mkwe alipona. Alirudi nyumbani amekonda na mpole, akaelekezwa kuhudhuria kliniki, na tangu hapo hajaonja kabisa, kwa sababu kwake yeye hakuna mrija mwembamba wa kutosha. Hilo aliambiwa waziwazi na akalielewa. Alasiri hizi anakuja kwetu badala ya kilabuni. Mama mkwe humtengenezea togwa, tamu kupita kiasi, naye analalamika kwamba itamuua kabla ya pombe, kisha anaomba nyingine. Baba mkwe hukaa naye siku mbili tatu za wiki, nazo huwa siku zake za kupumzika, ingawa hakuna aliyemwambia aziite hivyo. Siku nyingine anakwenda kwa wenzake. Bado anakunywa. Wapo wanaoniuliza kwa nini sijamwachisha kabisa, na mimi huwajibu kwamba waje wasimame nyuma ya kanisa Jumapili wasikilize upande wa besi.

Anayejulikana zaidi kwa kazi hii sasa ni mama mkwe. Wanawake wa Kisondela na hata wa Kawetele wanamfuata baada ya ibada wakitaka kujua alimfanyaje mumewe. Anawaambia siri ni kumsikiliza mtu, kumwachia nafasi aseme mwenyewe, wala si kelele. Anawaeleza hilo uwanjani kwa muda mrefu mno, wamesimama na vitabu vyao vya nyimbo mkononi, na kila mmoja anayefungua mdomo kuuliza swali huambiwa kwanza asubiri, hajamaliza.